Kamba Iliyosokotwa Kinyume

3 Februari

Kwa Bibi wa marehemu Koplo,

Mimi ni mchongaji wa sanamu. Jeshi limenipa kazi ya kutengeneza sanamu ya shaba ya mjukuu wako, itakayosimamishwa mbele ya lango la kambi ya kikosi chake. Ofisi ya kumbukumbu imenipa nakala ya cheti cha nishani yake, chenye mistari minne: kwamba Koplo alishika kamba ya chelezo chini ya risasi mpaka majeruhi kumi na mmoja wakavuka mto, na kwamba yeye mwenyewe hakuvuka. Wamenipa pia kipimo cha kofia yake na cha viatu vyake. Kwa hayo naweza kutengeneza askari yeyote. Siwezi kumtengeneza yeye.

Naomba picha yake, na maneno machache: alisimama vipi, alicheka vipi. Nimeambiwa pia kwamba wewe ni msokota kamba. Kama hutajali, naomba kipande nione nyuzi zinavyolala, maana kamba ndiyo itakayotazamwa kwanza.

Nitaanza na udongo. Shaba itamiminwa tarehe 22 Mei, na ikishamiminwa haibadiliki.

Mchongaji

*

14 Februari

Bwana Mchongaji,

Barua yako imefika. Haina salamu. Nimeigeuza mbele na nyuma nikitafuta hata hujambo moja iliyodondoka njiani, sikuiona. Mimi nina miaka sabini na tisa, nawe umeniingilia ndani bila hodi ukaanza kuniuliza habari za mume wangu. Basi marahaba, kwa shikamoo ambayo hukuitoa.

Nimesema mume wangu. Ni mjukuu, usije ukachonga vingine. Mama yake, binti yangu wa kwanza, alichukuliwa na homa mtoto ana miaka mitatu, nikabaki naye. Mimi nikimwita mume wangu, yeye akiniita bi harusi. Siku nikimnyima kitu, ananitaliki. Nimeachwa na yule mtoto talaka nyingi kuliko mwanamke yeyote katika mtaa huu, na kila jioni alirudi kuuliza chakula kimeiva.

Alisimama kama mlango wenye bawaba moja, bega moja juu, jingine chini. Nilimwambia simama wima, akasema Bibi, nikisimama wima nitaanguka. Masikio yake yalitangulia kuingia chumbani, mwili ukafuata. Usiyapunguze. Alicheka kwa pua kwanza, mdomo ukaja baadaye. Na mpaka ana miaka saba alikuwa anaogopa kuku. Huyu huyu mliyempa nishani, jogoo wa jirani alikuwa anamkalisha juu ya meza. Naandika hivyo ili ujue ushujaa haukumkuta tumboni. Aliutafuta mwenyewe, kama watu wanavyotafuta kazi.

Hiyo mistari minne ni michache. Kikosi kizima na hamna wino?

Picha nimeiweka humu. Ukiipoteza nitakuja huko kwa miguu yangu. Kamba nakusokotea mpya, siwezi kutuma masalio kwa ajili ya mtu kama yule.

Nishani iko ukutani juu ya kiti changu cha kazi. Naisugua kwa majivu kila Ijumaa. Inawaka kuliko ya huyo mkuu wenu niliyemwona siku ya maziko.

Mimi Bibi yake. Nimeandika kwa mkono wangu, sikumwandikisha mtu.

*

27 Februari

Bibi yangu, shikamoo.

Naitoa hii na ile ya barua ya kwanza, kwa pamoja. Naomba radhi. Nimezoea kuwaandikia maafisa, na maafisa hawana habari na salamu.

Jambo la pili: mimi si bwana. Ni mwanamke wa miaka thelathini na minne. Watu wengi wanaonijua kwa barua tu hukosea, nami siwasahihishi, kwa sababu nimeona kazi huja haraka zaidi wakidhani mimi ni mwanamume. Hata afisa wa kumbukumbu hajui bado. Wewe nimeona vibaya kukudanganya.

Picha ni nzuri mno. Nimeiweka mbele ya meza yangu, na masikio nimeyapa haki yake. Lakini nimeona kitu kimoja. Saa yake ameivaa mkono wa kulia. Mtu wa mkono wa kulia huvaa saa kushoto, ili isimsumbue akifanya kazi. Nauliza kwa sababu ya kamba. Katika sanamu nimemfanya ameizungusha mgongoni, na mkono mmoja lazima utangulie mbele, mwingine ushike nyuma. Mwili wote unafuata mkono wa mbele: bega, kiuno, hata shingo. Nikikosea mkono, nimekosea mtu mzima.

Je, alikuwa mtu wa mkono gani?

Mchongaji, mjukuu wako mwingine ukikubali

*

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba mbili, zimefika zote.

Kumbe ni mwanamke. Basi nikuulize: unaficha nini? Umetokea hivyo ulivyo, mikono yako inafanya kazi ambayo wanaume wameshindwa, halafu unajificha nyuma ya bahasha. Mtu asiyekutaka ulivyo, sanamu yake ya nini? Mwambie huyo afisa leo hii. Akizimia, mwagie maji.

Habari ya saa. Ile saa ilikuwa ya rafiki yake, aliiazima kwa ajili ya picha tu, akaitia mkono wowote uliokuwa karibu. Vijana hawana utaratibu. Mkono wake ni wa kulia. Alikula kwa kulia, alisalimia wakubwa kwa kulia, alinipokea mzigo kwa kulia. Katika nyumba hii hakuna mtu wa kushoto na hajapata kuwepo. Mwandikie afisa, mwambie Bibi yake amesema kulia, mambo yaishe.

Kamba hiyo hapo, urefu wa mikono mitatu. Nikufundishe kuitazama, usije ukachonga nywele. Sisi wasokotaji tunakaa kibandani wanawake sita, kila mmoja na katani yake. Nyuzi unazilaza juu ya paja la kulia, unazisukuma kwa kiganja cha kulia, kwenda mbele. Sote upande mmoja. Kwa hiyo kamba yangu ukiiunga na ya mwenzangu zinashikana, nyuzi zote zimelala upande mmoja kama watu kitandani. Akitokea mmoja akasokota kinyume, kamba yake ukiiunga na zetu zinakataana. Kila moja inamfungua mwenzake. Unaona zimekaa vizuri kwa siku mbili tatu, halafu mzigo ukija, zinaachana.

Ndiyo maana kibandani kwangu kila mtu anasokota sawasawa.

Picha sijaona umesema lini utairudisha.

Bibi

*

25 Machi

Bibi, shikamoo.

Picha naileta pamoja na barua hii, nimeifunga kati ya mbao mbili. Na nimeweka picha nyingine, ya udongo wenyewe ulivyo sasa.

Nimefanya ulivyoniagiza. Afisa alikuja kukagua kazi, akamkuta mwanamke mwenye udongo mpaka kwenye nyusi, akauliza, "Bwana Mchongaji yuko wapi?" Nikamwambia, "Ndiye huyu anayekuzungumzisha." Hakuzimia. Alikaa chini kidogo. Asante, Bibi. Nimetua mzigo ambao sikujua ni mzito.

Kamba yako imenisaidia kuliko vitabu. Lakini kuna jambo lazima nikwambie.

Wiki iliyopita alikuja Sajenti mmoja, mwenye mguu mmoja. Yeye alikuwa juu ya chelezo siku ile. Aliuzunguka udongo mara mbili kwa magongo yake, akasema, "Kazi nzuri. Masikio ndiyo yenyewe. Lakini huyu si Shoto." Nikamuuliza Shoto ni nani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. Anasema kikosi kizima kilimwita hivyo, tangu siku ya kwanza aliposhika bunduki.

Nimemwambia afisa. Amejibu kwamba barua ya familia inasema kulia, na mkono wa kulia unapendeza zaidi langoni, na familia ndiyo inayosikilizwa. Kwa hiyo Sajenti hawezi kubadilisha, nami siwezi. Ni wewe peke yako.

Sikuulizi ili nikuumbue, Bibi. Nauliza ili nisimkosee.

Mchongaji

*

2 Aprili

Mchongaji,

Mjukuu wangu alikuwa na jina, na mimi ndiye niliyempa. Shoto simjui.

Huyo Sajenti mwambie akaoshe kinywa. Jeshi limemchukua mzima, limenirudishia sanduku na kipande cha chuma chenye utepe, sasa linataka kumsimamisha langoni watu waje wamtazame kasoro. Hajakuwa na kasoro.

Udongo wako umekaa vizuri. Mimina shaba yako. Kuhusu mikono usiniandikie tena.

Bibi

*

19 Aprili

Bibi, shikamoo.

Mimi ndiye Sajenti uliyeniambia nioshe kinywa. Nimeosha. Sasa naomba ruhusa niseme nacho.

Mimi nilikuwa wa kumi na moja. Katika wale majeruhi waliovuka, wa mwisho kupakiwa ni mimi, kwa hiyo nililala chali nyuma ya chelezo, uso wangu ukimtazama yeye. Cheti kiliandikwa na watu ambao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Nguzo ya kamba ilikuwa imevunjwa na kombora. Maji yalikuwa yanakwenda kasi, na bila mtu wa kuizuia kamba upande ule, chelezo kingekwenda na mto. Akaizungusha mgongoni, akakita visigino kwenye tope, mkono wa kushoto mbele. Aliwavusha wanne, kisha wanne wengine. Sisi watatu tulikuwa safari ya mwisho. Tukiwa katikati ya mto, risasi ikampata bega la kushoto. Niliiona kamba inamteleza kiasi cha hatua mbili, na chelezo kikaanza kugeuka. Mtu wa mkono mmoja habari yake ingeishia pale, na yetu pia.

Aligeuka ubavu, akaipokea kamba kwa mkono wa kulia, akakita upya. Akatupigia kelele, anacheka, kwa pua kwanza kama alivyokuwa anacheka: "Tulieni. Bibi aliufunga huu mpaka nikaupata wa pili."

Sisi sote tulielewa, Bibi. Habari ya kufungwa kwake tuliijua. Alikuwa akitufundisha mafundo ya kamba, anafunga kwanza kwa kushoto, halafu kwa kulia, anatuonyesha viganja: "Huu ni wangu, huu ni wa Bibi." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeonyesha nyumba zake mbili.

Chelezo kiligusa ng'ambo. Risasi ya pili ilikuja baada ya hapo. Walipomfuata kesho yake kamba ilikuwa bado mkononi.

Shoto halikuwa tusi. Kila tulipofika penye mto, watu walikuwa wanauliza, "Shoto yuko?" Wakiambiwa yuko, wanapanda.

Nina watoto wawili waliozaliwa baada ya siku ile. Nakusalimia kwa niaba yao.

Sajenti

*

7 Mei

Bibi, shikamoo.

Uliniambia nisiandike kuhusu mikono, kwa hiyo naandika kuhusu siku. Zimebaki kumi na tano. Tarehe 14 naanza kutengeneza kalibu ya kumiminia shaba. Baada ya hapo hata mimi nikitaka siwezi.

Sijasikia neno lako tangu mwanzo wa mwezi uliopita. Kama unaumwa, naomba mtu aniandikie.

Mchongaji

*

10 Mei

Mwanangu,

Siumwi. Nilikuwa nasokota. Nikisokota sisemi, na nimesokota wiki tatu mpaka wenzangu kibandani wananiuliza kama nataka kufunga dunia nzima.

Barua hii nimempa dereva wa lori la katani, nimemwapiza aifikishe mkononi mwako kabla ya hiyo 14. Asipofika, ni mimi na yeye.

Mficha uchi hazai. Haya, kaa usikilize.

Alizaliwa wa kushoto. Nilimwona tangu anashika kijiko. Sikujali sana, nikasema atakua. Alipofika miaka mitano alikuwa ananikalia miguuni kibandani, anasokota na yeye, paja la kushoto, kiganja cha kushoto. Tukacheka. Kamba yake ilikuwa nyembamba, imekaza, nzuri. Mimi kwa kiburi changu nikaichukua nikaiunga na za kwetu, nikamuuzia mchimba visima, nikamwambia kipande hiki cha mume wangu. Ikaachana ndani ya kisima siku ya nne. Hakuumia mtu, ndoo tu ndiyo iliyozama. Lakini mchimba visima alikuja na ile kamba shingoni akapita nayo kibanda kizima akiionyesha, na wenzangu watano wakanitazama.

Nilimpiga. Mtoto wa miaka mitano, nilimpiga kwa ile kamba yake. Halafu nikachana kitambaa, nikaufunga mkono wake wa kushoto kiunoni. Samaki mkunje angali mbichi, nilisema. Nilimkunja. Miaka miwili kasoro kidogo, kila asubuhi namfunga, kila jioni namfungua, na kuna jioni nyingine nilisahau. Ndiyo maana alikuwa anaogopa jogoo: mkono mmoja hautoshi kumfukuza. Nilikuandikia kile kisa cha jogoo kama mzaha. Sasa unajua.

Alipofika miaka saba akawa anakula kwa kulia, nikajisifu mtaa mzima kwamba nimemnyoosha.

Lakini nilijua. Akienda jeshini, mimi nilikuwa na miaka sitini, sijui hata kuandika jina. Akasema bi harusi, siendi vitani na mke asiyejua kuniandikia. Akanunua daftari. Akakaa kulia kwangu, penseli akaniwekea mkono huu wa kulia, halafu akaulaza wake juu ya wangu tuandike pamoja. Mtu aliyekaa kulia kwako anakushika mkono wa kulia kwa mkono wake gani? Tafuta kiti ujaribu. Herufi zote ninazozijua nimefundishwa na mkono ule ule nilioufunga. Nilijua. Naye alijua nimejua. Hakusema, nami sikusema, tukaandika a, e, i, o, u. Laiti ningesema siku ile. Nilikuwa na mdomo.

Sasa Sajenti wako anadhani ameniletea dawa, kwamba mkono niliompa ndio uliowaokoa wale watatu. Mshukuru, ni mtu mwema, na watoto wake nimewapokea. Lakini mimi sikumfunga mtoto ili avushe watu. Nilimfunga kwa aibu ya kamba moja. Mtu akipigwa jiwe akalifanya msingi wa nyumba, aliyelirusha hasifiwi kwa nyumba. Yaliyotoka humo ni yake yote. Ni makubwa kuliko nilivyojua hata mimi niliyekuwa nikimsifu kila siku, na sasa nitamsifu mara mbili, wenzangu kibandani wavumilie.

Kwa hiyo: mkono wa kushoto utangulie mbele, kila anayeingia lango lile auone kwanza. Wa kulia uwe nyuma. Anayeutaka azunguke. Ule ni wa Bibi, unakaa nyuma.

Hili mpe afisa alisome: Mimi bibi yake Koplo niliandika uongo mwezi wa tatu. Sasa nimeandika kweli. Mjukuu wangu alikuwa wa kushoto na alisimama sawasawa.

Na kamba niliyokutumia si yenyewe, irudishe. Hii hapa ni ya kwake. Baada ya ile aibu nilichoma zote alizosokota, moja ikanishinda. Nikaifunga uani kuanikia nguo, zaidi ya miaka thelathini sasa, jua na mvua, mablanketi yaliyolowa. Haijaachana. Peke yake haikuwa mbovu. Ubaya ulikuwa kuilazimisha ishikane na zetu. Itazame nyuzi zinavyolala, uchonge hivyo hivyo, kinyume. Atakayekwambia umekosea mwelekeze kwangu.

Bibi

*

25 Mei

Bibi, shikamoo.

Dereva wa lori alifika tarehe 13, na barua ameishika kwa mikono miwili kama yai. Sijui ulimwapiza nini.

Niliuvunja udongo siku ile ile. Siku nane sikwenda nyumbani, udongo kwanza, kalibu baadaye. Sajenti alikaa kwenye kigoda akawa ananiambia bega lishuke, kisigino kiingie. Kumbe ulikuwa umenipa jibu katika barua yako ya kwanza kabisa: mlango wenye bawaba moja. Mkono wa kushoto ulipotangulia, bega likakaa lenyewe mahali pake, na mtu akatokea. Sajenti akauzunguka tena kwa magongo yake, akasema, "Shoto yuko." Basi nikajua tumefika.

Afisa alisoma neno lako mara mbili. Akasema watu watauliza kwa nini shujaa wetu ni wa kushoto. Nikamwambia watakaouliza watakuwa wametazama, na ndiyo kazi ya sanamu.

Shaba imemiminwa. Haibadiliki.

Tone moja la shaba lilinirukia likaniunguza mguu, daktari amenikataza kusafiri mpaka mwisho wa Juni. Sitakuwepo siku ya kufunua. Nenda unitazamie, Bibi, uniandikie yote, na usinionee huruma kwenye makosa.

Kamba yake utaipata mkononi kwa Sajenti. Sikuthubutu kuitia posta.

Mchongaji

*

19 Juni

Mwanangu,

Mguu uinue juu ya kiti, usinywe kila dawa unayopewa na majirani.

Nimekwenda. Wameniletea gari lenye dereva mwenye glavu. Nimevaa nguo yangu ya kijani, na nishani nimeibandika mwenyewe, kifuani kwangu, maana mwenye nayo hana nafasi. Mwanajeshi mmoja kijana akaniambia Bibi, huvaliwa upande wa pili. Nikamwambia leo ni siku ya upande wa pili.

Makosa. Masikio umeyapunguza. Kidogo, lakini mimi ndiye niliyeyaosha. Na viatu umevifunga vizuri mno, yule hajawahi kufunga viatu hivyo.

Mengine yote ni yeye. Walipovuta kitambaa sikulia, nilikuwa nimejiambia silii, nikasimama nikamtazama kama ninavyomtazama akichelewa kurudi. Halafu nikaacha kiti cha wageni nikaenda. Wakataka kunizuia, Sajenti akawaonyesha gongo. Nimeushika mkono wa mbele. Nimezipapasa nyuzi za kamba kwa kidole, zimelala kinyume zote, hata moja hukukosea. Nikazunguka. Wa nyuma nao nimeuona ulivyokaza. Umeuchonga vizuri kuliko unavyostahili. Nimesimama pale nyuma kwa muda, peke yangu, wao wakiimba.

Wakasoma cheti. Ile mistari minne yenu. Walipomaliza nikasema bado. Sajenti akasimama akawasimulia yote, mpaka na kitambaa na kiuno. Nilimwambia asiache kitu. Watu walinigeukia. Waache wageuke. Nikawaambia, ndiyo, ni mimi, na angalieni alichokifanya pamoja na hayo.

Mwisho akashuka yule mkuu wenu, mwenye nishani nyingi zisizosuguliwa. Akanyoosha mkono wa kulia anipe pole. Mimi nikampa wa kushoto.

Unajua na wewe, mkono wa kushoto haupewi mtu mzima, seuze mkuu wa jeshi. Afisa wako wa kumbukumbu akafunga macho. Mkuu akautazama mkono wangu. Akainua kichwa akaitazama sanamu, muda mrefu kidogo. Halafu fimbo yake akaihamishia kulia, akanipa wa kushoto. Ulikuwa mzito, hajui auweke vipi, mkono wa mtu ambaye hajawahi kuutolea salamu.

Nikamwambia, "Utauzoea, mwanangu. Mwenzako aliuzoea wa pili akiwa na miaka saba."

Kamba yake nimeirudisha uani. Leo nimeanika.

Bibi wa Shoto